Mama, Nimenunua Lenye Viti vya Nyuma

Mama,

Gari nimenunua. Kaa vizuri kwanza, maana ukisikia ni la aina gani utanuna, na wewe ukinuna nyumba nzima hukosa pa kukaa. Nimenunua lile lenye viti vya nyuma. Ndiyo, dabo kebi. Lile lile uliloniambia nisinunue.

Nimeanza na hilo kwa sababu hukumpenda mtu anayeleta habari nzito akitanguliza hali ya hewa. Sasa nipe nafasi nikueleze, na leo hutanikata kauli. Afadhali ungenikata. Miezi yote hii nimekuwa nikiongea peke yangu barabarani, nanyamaza kidogo pale ambapo wewe ungeingilia, kisha naendelea.

Siku uliponiambia ulikuwa umelala kitanda cha karibu na dirisha, sauti imeshapungua. Pikapu yetu nyeupe ilikuwa imekufa kabla yako, injini imenoki kwenye mlima wa kuingia Angurai, na fundi alikuwa ameshatuambia tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Ukaniita kwa kidole, nikadhani unataka maji. Ukasema, "Akiru, ukipata ingine, chukua gari ya mgongo. Wachana na gari ya matako." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Wewe hukucheka hata kidogo. Ulingoja nimalize, ukauliza, "Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Kwako pikapu zote za dunia hii zilikuwa aina hizo mbili. Ya matako ni ile yenye kebini kubwa, viti mbele na viti nyuma, halafu bodi fupi kama shati la mtoto aliyerefuka ghafla. Ya mgongo ni ile yenye kebini ya dereva na mtu mmoja, wawili wakibanana, na nyuma yake bodi ndefu ambayo mtu mzima anaweza kujinyoosha. Ulisema ya kwanza inabeba watu wanaotaka kuonekana na ya pili inabeba kazi. Na sisi kazi tulikuwa nayo: mahema, viti vya plastiki, meza, na zile sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Harusini tuliitwa. Matangani tuliitwa zaidi.

Amri zako nazijua kama sala. Hema lifike bomani kabla ya mwili kufika. Hema lisishushwe wakati mwenye kufiwa bado amekaa chini yake, hata jua lizame, hata tuwe tunangojwa kwingine. Nakumbuka lile boma la karibu na Malaba ambapo mjane aligoma kuinuka, ukatuambia tukae, na wewe mwenyewe ukavuta kiti ukakaa kando yake, mkaanza kuongea habari za mihogo. Aliinuka akicheka. Ndipo ukanikonyeza tukaanza kufungua kamba.

Halafu ile amri ya kubeba mwili. Jirani akifiwa, pikapu yetu ndiyo iliyokwenda mochari, na wanawake wa ukoo walikaa nyuma, kushoto na kulia kwa jeneza, juu ya mkeka, wakiimba mpaka nyumbani, ili aliyekufa asisafiri peke yake. Na mlango wa nyuma ulifungwa. Hilo hukulilegezea mtu. Ukiona jeneza limetokeza nje ya gari la watu, limefungwa kamba, ulikuwa unageuza uso. "Mtu si ng'ombe ya soko," ulikuwa unasema. "Ukimbeba mara ya mwisho, mlango ujifunge."

Sasa nisikilize, hapa ndipo panaponiuma.

Wewe tulikubeba na mlango wazi, Mama.

Yetu ilikuwa imeshauzwa. Patrick, mwanao, ambaye hupitisha mizigo ya watu pale forodha Malaba na kwa hiyo anamfahamu kila mwenye gari linalong'aa, aliomba dabo kebi ya rafiki yake. Nyeusi, vioo vyeusi, magurudumu yanameta. Alitaka kukuheshimu, na mimi simlaumu, alilia kuliko sisi sote. Lakini tulipofika mochari pale Busia na jeneza likasukumwa ndani, likagota kwenye kebini na miguu yako ikabaki nje. Mimi nikawaambia wasukume tena, kana kwamba chuma kingenionea huruma. Mwishowe dereva akaleta kamba. Ya manila, ya buluu, ile ile ambayo sisi hufungia viti.

Tulikaa nyuma na shangazi yako mmoja kwa taabu, magoti yamegusa mdomo. Waliobaki walifuata kwa gari lingine, na nyimbo zao hatukuzisikia. Toka Busia, tukapita Alupe, mpaka Malaba, macho yangu yalikuwa kwenye fundo la ile kamba. Niliogopa litafunguka. Pia niliona aibu, tena aibu ya hasira, ya mtu ambaye mama yake aliwafungia watu mlango miaka yote halafu yeye mwenyewe akakosa wa kumfungia. Siku ile niliapa moyoni kwamba nitanunua bodi ndefu kuliko zote zinazopita mpakani. Kwa hiyo usidhani nililisahau neno lako. Nilikuwa upande wako kabisa.

Watu wako wa kazi ndio walionitikisa.

Baada ya kukuzika tuliendelea na kazi kwa magari ya kukodi, singo kebi zote, yaani za mgongo, maana ndizo nilizozitafuta. Mimi naendesha. Amoit, Omuse na Barasa wanakaa nyuma juu ya vyuma vya hema, kama kawaida. Hivyo ndivyo walivyokaa miaka yote, wewe na mimi tukiwa ndani na kioo kimepandishwa. Ukiulizwa ulikuwa unajibu, "Huko nyuma kuna upepo safi." Nasi tulicheka wote, hata wao walicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Mama. Walioelewa uzito wake ni waliokuwa wameukalia.

Kisha ikaja mvua ya masika. Tulikuwa tunapeleka hema kwenye boma moja juu huko karibu na vilima, barabara imekuwa uji, na mvua ikatupiga toka Malaba mpaka tulipofika. Amoit alishuka anatetemeka. Unamjua Amoit, hata jino likimuuma hutandika vitambaa vya meza kwanza. Alitandika, akapanga viti vya wazee mbele, akahakikisha padri ana kivuli. Jioni hakuweza kujinyanyua. Alilala hospitalini na kifua, akarudi amekonda, na siku aliporudi kazini alisimama kando ya gari na hakupanda.

Akaniambia hivi, taratibu, bila hasira: "Akiru, mimi sijakataa kazi. Kazi ya mama yako naipenda. Lakini kukalia hizi machuma imetosha. Nimezeeka nikiwa huko nyuma." Omuse alikuwa anaangalia viatu vyake. Barasa hakungoja hata mazungumzo. Wiki ile ile alikwenda Malaba kupakua matrela, akaniambia kwa simu, "Huko angalau chuma ikiwa ya moto unaiweka chini." Na askari wa barabarani nao wamekuwa wakali, wakiona watu wamekaa juu ya mzigo wanasimamisha gari. Wewe uliwazoea, ukiteremsha kioo na kuwauliza hali ya mama zao wakakuachia. Mimi sina ulimi huo.

Kwa hiyo ikawa hivi: bila watu hao sina kazi. Vyuma vya hema havijisimamishi. Naweza kutafuta vijana wengine, wapo wengi pale stendi, lakini Amoit anajua ni mjomba yupi na yupi wasiowekwa safu moja, na Omuse husikia upepo kabla haujafika na kukaza kamba. Ukiwatoa hao nabaki na vitambaa tu. Ile biashara uliyoianza kwa mkokoteni ingefia mikononi mwangu, nikiwa nimeegesha pikapu ndefu nzuri isiyo na mtu.

Patrick akasikia, akafurahi kupita kiasi. Akanipeleka kwenye yadi moja ya magari barabara ya Busia. Njia nzima alikuwa ananieleza jinsi dabo kebi itakavyonifanya nionekane mtu wa maana. "Sista, ukifika kwa kazi na hiyo, watu hawatauliza wewe ni nani." Nilimwambia mimi nataka waniulize, nipate wateja. Akaniambia nina kichwa kigumu kama cha mama. Nikafurahi siku nzima.

Pale yadi zilikuwepo tatu ambazo tungeziweza. Singo kebi nyeupe, bodi inaenda, inaenda. Dabo kebi ya rangi ya kijivu. Na katikati yake ile wanayoiita ekstra kebi, yenye viti viwili vidogo nyuma ya dereva na bodi ya wastani. Kijana wa yadi aliisifu hiyo sana. Alisema inamaliza ugomvi, nusu kwa nusu. Nikaingia kwenye kile kiti cha nyuma, magoti yakagota kidevuni, kichwa kikainama. Nikamwambia Amoit akikaa hapa toka Angurai mpaka Busia tutamtoa kwa jeki. Bodi nayo haikufika futi saba. Mshika mbili moja humponyoka. Hii ilikuwa imeponyokwa na zote.

Halafu nikafanya jambo ambalo Patrick hatanisamehe. Tepu nilikuwa nayo, lakini tepu haikuniambia nilichotaka kujua. Mimi na wewe urefu wetu ni mmoja, ndiyo maana viatu vyako vimenitosha. Nikavua viatu, nikapanda kwenye bodi ya singo kebi, nikalala chali, mikono kifuani. Nilinyooka vizuri, pakabaki nafasi miguuni na kichwani. Mlango ungejifunga. Nikafunga macho. Nilikaa hapo kwa utulivu ambao sijaupata tangu ulipoondoka, na kama si yule kijana ningelala usingizi.

Alikuja mbio. "Madam, sasa hiyo ni nini? Toka huko, tafadhali, hii ni gari ya kuuza. Utaniletea mkosi." Patrick alikuwa amegeukia barabara, anajifanya hanijui. Nikatoka, nikaenda kwenye ya kijivu, nikapanda, nikalala tena. Miguu ikatoka nje kuanzia katikati ya muundi. Nikiwa nimelala hivyo niliona mbingu na ukingo wa paa la kebini, na nikalia, Mama. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kutafuta probox. Kijana akaniletea maji akaacha kunifukuza.

Ningesema basi, nilipie ile ndefu twende. Nilikuwa nimeshaamua. Lakini yule kijana, nadhani kwa kutaka kunituliza, akaniambia nikae kwanza ndani ya ile ya kijivu nipumue. Nikakaa kiti cha nyuma. Akanionyesha kidirisha kilicho kwenye kioo cha nyuma, kile kidogo cha katikati, kinachoteleza kando. "Ona, hii inafunguka. Mtu akiwa nyuma unampitishia hata soda." Nikakifungua. Nikapitisha mkono mpaka kwenye kwapa, vidole vikagusa sakafu ya bodi.

Ndipo nikakumbuka mkono wa Tata.

Sikiliza vizuri hapa, maana hili hukuliona, na mimi niliyeliona nililipuuza. Siku ya kukuleta, tulipofika Malaba, foleni ya matrela ilikuwa imeziba barabara. Tulisimama. Madereva na matanboi, wasaidizi wao, walivua kofia, mmoja akazima redio yake. Mimi muda wote nilikuwa nimeipa kebini mgongo nikilinda ile kamba. Pale tuliposimama nikageuka mara moja tu kumwambia dereva apite pembeni. Kwenye kile kidirisha kulikuwa na mkono umetokeza. Mkono wa Tata, mama yako, umepita mpaka kwenye kiwiko, kiganja kimelala juu ya jeneza, upande wa kichwa chako. Ulikuwa mweusi, mishipa imesimama, na ile bangili yake ya shaba. Hakuwa anapapasa. Ulikuwa umetulia tu pale, kama unavyomwekea mtoto mkono asiamke gari likiruka shimo.

Nilirudisha macho kwenye kamba. Miezi yote nikahesabu aibu ya ile kamba, na ule mkono nikauacha.

Nilitoka kwenye lile gari nikamwambia kijana nitarudi. Patrick alikasirika, akasema mimi si mtu wa kununua, ni mtu wa kulala kwenye magari ya watu. Tukaenda moja kwa moja kwa Tata. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamuuliza siku ile alikuwa amekaaje huko ndani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akasema, "Nilikuwa nimekaa kwa kiti, kwani wapi? Nilimleta mtoto yangu mwenyewe mpaka nyumbani."

Mama, babu alipokufa, Tata alibaki nyumbani. Unakumbuka. Tulikwenda na pikapu yetu ndefu, mkeka ukatandikwa, ninyi mkaimba, mlango ukafungwa vizuri sana. Yeye alikuwa na magoti mabaya tayari, asingeweza kupanda bodini, na kiti kimoja cha mbele kilikaliwa na mzee wa ukoo. Ukamwambia, kwa upole, kwamba nafasi yake haipo, atungoje. Akatungoja mlangoni na kitenge begani. Mtu aliyelala na babu kitanda kimoja miaka yote ile alimpokea kama mgeni. Nimepiga hesabu ya wote tuliowabeba kwa gari la mgongo, na wote walikuwa na mama zao au wake zao wenye magoti mabaya, waliobaki mlangoni kutungoja. Hatukuwahi kuwaona kwa sababu tulikuwa barabarani tukiimba.

Sikulaumu. Ulifanya ulichoweza kwa gari ulilokuwa nalo. Lakini nami lazima nifanye ninachoweza, na sitafanya kwa kuiba wala kwa kujificha nyuma ya jina lako. Nilirudi yadi kesho yake nikachukua ile ya kijivu.

Sasa usidhani nimeuacha ule mlango. Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Burumba, yule mwenye kidole kifupi aliyetutengenezea geti. Amenipigia fremu ya chuma inayoteleza chini ya sakafu ya bodi. Ukiivuta inatoka kwa nyuma, inaongeza kama futi mbili na nusu, ina kingo pande zote na mwishoni ina mlango wake mdogo wenye komeo mbili. Jeneza linaingia lote na linafungiwa ndani. Nimeijaribu fremu mwenyewe, unajua kwa njia gani. Fundi naye amesema nitamletea mkosi. Wanawake wawili wanakaa kwa kubanana kando, na wale wa magoti mabaya wanakaa ndani, kile kidirisha wazi.

Vyuma vya hema navyo vimekatwa katikati, kila kimoja, na kuvishwa mshipi wa bomba ili viungane tukifika. Vinapanda kwenye keria, juu ya paa. Omuse aliona nguzo zako zikikatwa akashika kichwa. Sasa anazisifu kuliko mimi, anasema anaweza kuzibeba mbili kwa mkono mmoja.

Kitu ambacho sikuweza kukiokoa nitakuambia pia. Viti. Bodi ni fupi na haidanganyi. Wewe ulikuwa unafanya mazishi mawili Jumamosi moja, asubuhi kwingine, adhuhuri kwingine, na viti vikatosha kote. Mimi siwezi. Viti vinakwenda Ijumaa, hema na watu Jumamosi alfajiri, boma moja tu. Jumamosi iliyopita nimekataa kazi ya mtu wa Amukura, mteja wako wa zamani, na alinisema maneno. Aliniambia mama yako asingekataa. Nikamwambia ni kweli, asingekataa. Tutakuwa wadogo kuliko ulivyotuacha. Nimelipima hilo nikalikubali, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Barasa amepiga simu juzi akauliza kama ni kweli gari lina viti. Nikamwambia aje ajionee. Hajaja bado, lakini aliuliza rangi.

Leo asubuhi ilikuwa kazi yetu ya kwanza na gari hili, boma la mwalimu mmoja mstaafu hapo chini ya soko. Nimefika mapema kuwachukua watu wako. Amoit akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akasogea mpaka mwisho. Omuse akaingia akafuata. Mpwa wa Amoit, aliyekuja kutusaidia viti, akajibana wa tatu. Mifuko ikawekwa mapajani. Nikawasha gari, nikageuka kushoto kukuuliza kama tumesahau nyundo.

Hakuna aliyekuwa amekaa hapo. Nilitazama kwenye kioo nikawaona watatu wamebanana kama sambusa kwenye sahani, na wote wanaangalia nje. Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wamekuachia kiti chako. Kwenye magari yote ya kukodi walikuwa wamekuachia, nami nilikuwa nadhani wanakwenda nyuma kwa mazoea tu.

Sikuondoa gari. Nilikaa nimeshika usukani, maana nilitaka kukiacha hivyo hivyo. Nilitaka kukiacha miaka kumi. Kisha nikamwambia Amoit aje mbele. Akasema, "Wacha tu, niko sawa hapa." Nikamwambia sijasema kama uko sawa, nimesema uje mbele. Nadhani nilisema kwa sauti yako, kwa sababu alishuka bila neno lingine, akazunguka, akapanda, akavuta mkanda. Tulifika bomani kabla ya mwili.

Nakuahidi, Mama, sitamfunga mtu yeyote kamba. Sitalishusha hema mwenye msiba akiwa amekaa. Na hakuna mama mzee atakayeambiwa na gari langu kwamba atungoje nyumbani. Ukinikasirikia, nikasirikie, Baba amelala hapo kando yako, mwambie yeye, alizoea. Mimi nitaendesha. Eyalama, Mama, asante kwa yote. Lala salama.

Kiti chako nimempa Amoit.

Mwanao,
Akiru